Kengele ya saa tisa ikilia, mtoto wako anakwenda wapi?

Leo naomba tutafakari jambo ambalo ni nadra kulisikia likihubiriwa madhabahuni, ingawa linagusa karibu kila nyumba yenye mwanafunzi wa sekondari. Nazungumzia klabu za shule: mdahalo, kwaya, michezo, mazingira, skauti, vikundi vya sala na vinginevyo vinavyofanyika vipindi vya darasani vikiisha.

Twende kwanza Ilagala. Ni kata ya Wilaya ya Uvinza, mkoani Kigoma, mahali ambapo Mto Malagarasi unamaliza safari yake na kuingia Ziwa Tanganyika. Huku kuna michikichi, kule kuna maji. Alasiri ya hapo ni saa ya kazi. Kuna anayekamua mawese, kuna anayeanua dagaa, kuna anayetengeneza nyavu kwa ajili ya usiku wa giza, maana mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa. Wanaokaa ng'ambo ya mto wanatazama jua na kufikiria kuvuka. Ni saa hiyo hiyo kengele ya mwisho inapolia shuleni.

Sasa jiulize, wewe mzazi, uwe Ilagala, Ujiji, Kasulu au Dar es Salaam: kengele ile ikilia, mtoto wako anakwenda wapi? Na je, umewahi kumuuliza anachokipenda saa hiyo, au umekuwa ukimuuliza tu amepata ngapi kwenye hisabati?

Wengi wetu tuna jibu moja. Mtoto arudi nyumbani asaidie kazi, au aende masomo ya ziada. Klabu tunaziona kama mchezo. Tunasema, "Nimempeleka shule akasome, siyo akaimbe." Zipo shule pia ambazo mtihani wa kidato cha nne ukikaribia hufuta ratiba ya michezo na midahalo yote, na mwalimu mlezi wa klabu akiomba walau saa moja kwa wiki anaonekana mtu asiyejali ufaulu.

Sipuuzi ufaulu. Mzazi aliyeuza dumu la mawese ili mtoto apate sare na daftari ana haki ya kutaka matokeo mazuri. Ninachouliza ni hiki: alama za mtihani zinatuonyesha mtoto mzima, au zinatuonyesha upande mmoja tu wa mtoto ambaye Mungu ametukabidhi?

Mtoto ambaye hakuitwa

Fungua kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 16. Nabii Samweli amefika Bethlehemu nyumbani kwa Yese, kumpaka mafuta mmoja wa wanawe awe mfalme. Yese anawapitisha vijana saba mbele ya nabii, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ni mrefu na ana sura ya kuvutia, hata Samweli mwenyewe anadhani ndiye. Mungu anamwonya asitazame umbo la nje. Saba wote wanapita, hakuna aliyechaguliwa. Samweli anamuuliza baba kama watoto wote wako pale. Ndipo Yese anakumbuka kwamba yupo mdogo wao, ameachwa malishoni na kondoo.

Tafakari jambo hilo. Mgeni mkubwa amekuja, watoto wanaitwa wahesabiwe, na baba mzazi anamsahau mmoja. Yese hakuwa baba mbaya. Alikuwa na kipimo chake tu, na kwa kipimo hicho Daudi hakufika hata kwenye orodha.

Endelea kusoma, utaona kilichomfungulia Daudi milango. Alipoitwa ikulu kwa Sauli mara ya kwanza, aliitwa kwa sababu alijua kupiga kinubi. Alipomkabili Goliathi katika sura ya 17, alivua silaha za mfalme kwa kuwa hakuzizoea, akachukua kombeo. Ushuhuda alioutoa mbele ya Sauli ulikuwa juu ya simba na dubu aliowaua akilinda kundi. Kinubi, kombeo na ujasiri vilikua kule malishoni, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akimtazama wala kumpa alama.

Katika nyumba zetu wamo akina Daudi. Yupo binti ambaye darasani ni wa thelathini, lakini ukimpa wenzake ishirini wanaogombana, baada ya robo saa amewapatanisha. Yupo kijana anayepata daraja la mwisho kwenye kemia, lakini kitalu cha miche ya shule kinastawi kwa sababu yake. Mwalimu wa somo huenda asiwaone. Mlezi wa klabu atawaona. Na wewe mzazi usipouliza, utafanya kama Yese: utawahesabu wanao, na mmoja utamsahau.

Vijana 12 barazani

Mkoa wa Kigoma una sababu ya pekee ya kuheshimu klabu za wanafunzi. Julai 1960, mwanamke kijana kutoka Uingereza, Jane Goodall, alifika Kigoma akiwa na miaka 26, na kutoka hapo akaenda Gombe, kaskazini mwa mji, kuwachunguza sokwe. Mama yake alimsindikiza. Alipoanza hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Mwaka huo huo alimwona sokwe akivua mchwa kwa kijiti, jambo lililowalazimu wataalamu kufikiri upya kuhusu mipaka kati ya binadamu na mnyama.

Wengi wanaijua habari ya sokwe. Wachache wanaijua habari ya 1991. Mwaka huo, nyumbani kwake Dar es Salaam, Goodall alikutana na wanafunzi 12 wa sekondari. Walikaa barazani wakazungumza mambo yaliyokuwa yanawasumbua kuhusu mazingira na jamii yao. Hakuwaambia wasubiri wamalize shule, waajiriwe, ndipo wafanye jambo. Waliporudi shuleni kwao walianzisha vikundi. Hivyo ndivyo ilivyoanza Roots & Shoots, jina lenye maana ya mizizi na machipukizi, ambayo leo ina vikundi vya vijana katika nchi zaidi ya 60. Kila kikundi kinatazama mahali kilipo na kuchagua la kufanya kwa ajili ya watu, wanyama na mazingira.

Goodall alifariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91. Ameacha vitabu na tuzo nyingi. Lakini mimi na wewe tujifunze kwa yale mazungumzo ya barazani. Mtu mzima mwenye jina kubwa aliketi na vijana 12, akawasikiliza, kisha akawaamini. Mkristo anayesikia namba hiyo ya 12 anajua kwamba Bwana wetu naye hakuanza na umati. Alianza na wachache, baadhi yao wavuvi wa ziwani, akawatuma wawili wawili wakiwa bado hawajaelewa mambo mengi. Yesu hakungoja wafuzu ndipo awaamini.

Na vilima vya Kigoma vinaonyesha kwa nini jambo hili si la anasa. Miti ikikatwa mlimani, mvua inabeba udongo hadi ziwani na kuchafua mazalia ya samaki. Ndiyo maana mwaka 1994 taasisi ya Goodall ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji vya mkoa huo, wa kupanda miti na kuboresha maisha ya watu. Ziwa lenyewe limeonyesha dalili za kuchoka, hata serikali ikasitisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane. Mto Malagarasi unaoishia Ilagala unapita kwenye ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa, mwaka 2000, katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mwanafunzi anayekulia mdomoni mwa mto huo ana kitabu kikubwa cha biolojia na jiografia mbele ya macho yake. Klabu ya mazingira inamfundisha kukisoma.

Daftari la mweka hazina

Watu hudhani faida ya klabu ni vipaji: mwimbaji, mchezaji, msemaji. Vipaji vipo, na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, imewaibua wengi. Lakini ipo faida nyingine, ya kimya zaidi, ambayo kanisa linapaswa kuipenda kuliko zote. Klabu ndiyo mahali pa kwanza ambapo kijana anakabidhiwa kitu ambacho si chake.

Tuseme klabu ina wanachama 24, kila mmoja ametoa shilingi 500. Hiyo ni shilingi 12,000. Imo mikononi mwa msichana wa kidato cha pili aliyechaguliwa kuwa mweka hazina. Ana daftari, ana kalamu. Nyumbani kuna siku hakuna sukari, na yeye ana 12,000 kwenye mkoba. Hakuna askari anayemlinda. Siku ya mkutano atasimama mbele ya wenzake na kusoma: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Bwana Yesu alifundisha, katika Luka 16, kwamba aliye mwaminifu katika jambo dogo ndiye atakayekuwa mwaminifu katika kubwa. Hizo 12,000 ndizo jambo dogo lenyewe. TAKUKURU wanapofungua klabu za wapinga rushwa shuleni wanatafuta uaminifu huo huo, na uaminifu hujengwa kwa kukabidhiwa, kutoa hesabu na kuulizwa.

Vivyo hivyo kwa katibu anayeandika muhtasari wa kikao, kwa mwenyekiti anayejifunza kumpa nafasi mtu asiyekubaliana naye, kwa mgombea aliyeshindwa uchaguzi wa klabu na wiki inayofuata akaja kikaoni kama kawaida. Ni wazee wangapi wa kanisa wangetuepushia migogoro kama wangejifunza hilo la mwisho wakiwa na miaka 16?

Mwalimu Nyerere aliliona tatizo hili mapema. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967 alikosoa shule inayomwandaa mtoto kwa ngazi inayofuata tu, wakati watoto walio wengi hawataifikia ngazi hiyo, na inayompima kwa mtihani peke yake. Swali lake bado liko mezani. Novemba kidato cha nne wanafanya mtihani, Januari matokeo yanatoka, na baadhi ya vijana wanarudi kijijini bila nafasi ya kidato cha tano. Hao wanarudi na nini? Kama shule iliwapa mitihani tu, na mitihani imewakataa, wanarudi mikono mitupu wakijiona wamekataliwa na maisha. Kama walijifunza kuendesha kikao, kutunza fedha ya watu, kusema ukweli hadharani na kuotesha mche, basi kikundi cha vijana, chama cha akiba, kikundi cha kusimamia uvuvi pale mwaloni, na jumuiya ndogondogo ya kanisa, vyote vimempata mtu.

Alasiri ya binti

Sasa naomba tuwe wakweli kidogo. Tukisema "wanafunzi wabaki shuleni kwa ajili ya klabu," mara nyingi wanaobaki ni wavulana. Binti ana ndoo inayomsubiri, ana mdogo wa kubeba, ana dagaa wa kuanua kabla mvua haijanyesha. Kaka yake akichelewa kwa mpira tunasema ana kipaji. Yeye akichelewa kwa mdahalo tunamuuliza alikuwa na nani.

Swali hilo la mwisho halitokani na ubaya tu. Njia za jioni zina hatari, na mzazi anayeogopa kwa ajili ya binti yake ana sababu. Lakini hofu hiyo itupeleke kutafuta dawa: klabu ifanyike mapema, mabinti warudi kwa makundi, wanaovuka mto wapangiwe siku na saa ya kuwahi kivuko. Kumfungia binti nyumbani kunamlinda na njia, huku kukimnyima sauti. Na binti asiyezoea kusema "sikubali" mbele ya wenzake katika mdahalo, atawezaje kulisema mbele ya mtu mzima anayemrubuni kwa chipsi na nauli?

Katika Luka sura ya 10, Martha anahangaika na kazi nyingi za nyumbani na dada yake Mariamu ameketi miguuni pa Bwana akisikiliza. Kuketi miguuni pa mwalimu, siku zile, kulikuwa kukaa kama mwanafunzi. Martha anataka Mariamu arudishwe jikoni. Yesu anakataa: nafasi aliyoichagua Mariamu, hakuna wa kumwondolea. Tunaisoma sehemu hiyo kila mara kuhusu sala. Isome leo ukimfikiria binti yako saa tisa alasiri. Nani nyumbani kwako anamwondolea Mariamu nafasi yake?

Vikundi vyetu vya imani

Wapo watakaosema, "Mwanangu yumo kwenye kikundi cha sala, inatosha." Tunamshukuru Mungu kwa UKWATA, TYCS, CASFETA na vikundi vingine vinavyowakusanya wanafunzi Wakristo. Wengi wetu tulio kanisani leo tulishikwa na neno la Mungu tukiwa humo. Lakini navyo vinahitaji walezi. Kikundi cha sala kisichokuwa na mtu mzima karibu kinaweza kuwafundisha vijana kukesha usiku na kusinzia darasani, kumdharau mwenzao wa dhehebu jingine au jirani Mwislamu waliyekua naye, au kuamini kwamba mwenye homa asiende zahanati. Hayo yakitokea tusiwalaumu watoto peke yao. Tuulize mchungaji, katekista au mzee wa kanisa alifika pale mara ngapi kwa mwaka.

Wanafunzi Wakatoliki wamerithi njia moja nzuri kutoka kwa Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyewakusanya vijana wafanyakazi miaka ya 1920: ona, amua, tenda. Kwanza tazama hali ilivyo. Kisha ipime kwa mwanga wa Injili. Halafu fanya jambo. Sala ya namna hiyo haiishii mahali pa kusalia. Wanafunzi wakiona kuwa wenzao watatu hawaji shule siku za soko, watauliza kwa nini, watalipima jambo hilo mbele za Mungu, kisha watakwenda kuwatembelea. Hapo kikundi cha imani na klabu ya huduma vinakuwa kitu kimoja.

Kumbuka Matendo ya Mitume sura ya 6. Kulikuwa na manung'uniko kwamba wajane fulani wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Walichaguliwa watu saba wasimamie mezani. Kazi ilionekana ndogo: kugawa chakula kwa haki. Lakini soma sura ya 7 na ya 8. Stefano aliyechaguliwa kwa ajili ya meza anasimama mbele ya baraza kuu na kumshuhudia Kristo hadi kufa. Filipo anapeleka Injili Samaria, kisha kwa towashi wa Ethiopia. Walianzia kwenye orodha ya wajane na vyakula. Mungu hajaacha kuwatoa watu wake mahali kama hapo.

Wiki hii ufanye nini?

Kwanza, muulize mtoto wako yumo klabu gani na anafanya nini humo. Akisema hayumo popote, usimkaripie. Muulize angependa ipi, na nini kinamzuia. Huenda kinachomzuia ni wewe.

Pili, mwachie alasiri moja kwa wiki iwe yake. Moja tu. Kama kazi za nyumbani ni nyingi, zigawe upya, na kaka zake nao wachote maji.

Tatu, mfahamu mlezi wa klabu. Mara nyingi ni mwalimu anayejitolea baada ya vipindi vingi vya darasani, bila posho. Mshukuru. Ukiwa fundi seremala, mkulima hodari wa michikichi, muuguzi au mvuvi mwenye uzoefu, jitolee saa moja kwa mwezi uwafundishe wanafunzi unachokijua.

Nne, usharika au parokia yako ina kinanda, ngoma, viti, ukumbi unaokaa mtupu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Je, mwalimu wa kwaya ya shule akiomba kuvitumia atajibiwaje? Kinanda kinachofungiwa kabatini juma zima, na talanta iliyofukiwa ardhini katika Mathayo 25, vina tofauti gani?

Tano, kwa wakuu wa shule na wajumbe wa bodi mnaosali pamoja nasi: zipo klabu zilizoandikwa vizuri kwenye ubao wa matangazo, zenye mwenyekiti na katibu, ambazo hazijawahi kukutana. Afadhali klabu tatu zinazoishi kuliko kumi na mbili za jina.

Mwinjili Luka anatuambia, mwishoni mwa sura ya 2, kwamba kijana Yesu alikua katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu. Akili, mwili, uhusiano na Mungu, uhusiano na watu. Mtihani unapima sehemu ya lile la kwanza. Yale mengine matatu yanahitaji uwanja, kikundi, na watu wazima wanaojali.

Tuombe: Baba Mungu, uliyemwona Daudi malishoni wakati nyumbani kwao wamemsahau, tupe macho ya kuwaona watoto wetu. Walinde njiani na majini. Wabariki walimu wanaobaki nao baada ya kengele. Na utufanye wepesi wa kuwaamini vijana, kama wewe ulivyotuamini sisi. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Nawatakia Jumapili njema.